Nifungue Kidogo

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa, huko likajikalia. Mtaani aliitwa Fungua, na hata mkewe akipandwa na hasira alimwita hivyohivyo: "Fungua! Njoo utoe takataka zako kwenye friji kabla sijazimwaga!" Takataka zenyewe ni filamu. Bwana huyu alizipanga filamu zake za rangi kwenye mlango wa friji, pale penye vishimo vya mayai, kwa sababu joto huziharibu na kuufanya wekundu uwe kama kutu. Mayai yalikaa kwenye bakuli juu ya kabati, yakivunjika moja moja. Mkewe alikuwa akisema ameolewa na mtu anayeionea huruma plastiki kuliko tumbo lake mwenyewe.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na mshona nguo. Pazia la buluu ukutani, kiti cha kuzunguka kilichogoma kuzunguka, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba msumarini, maana watu wazima na akili zao walikuwa wakiondoka nacho. Hapo alikaa miaka karibu thelathini.

Na usimdharau, kazi alikuwa anaijua. Filamu za rangi zilipoanza kuzoeleka, wapiga picha wengine wa mji ule walikuwa wakiwatoa watu weusi kama vivuli vyenye meno. Shati jeupe limetoka safi, nyuzi za kola unazihesabu, lakini uso wenyewe hamna, umezama. Kamera ikiona shati jeupe hudhani mwanga umetosha, na mpiga picha mvivu huiamini. Fungua hakuiamini. Alikuwa na kipima mwanga cha mkononi, kidude chenye sindano, akikisogeza karibu na shavu la mteja kama daktari. "Pima shavu, achana na shati," ndilo lilikuwa neno lake. Kisha alifungua tundu la lenzi hatua moja, mara nyingine mbili, mwanga uingie wa kutosha. Ukimpa nafasi alikueleza mpaka uchoke kwamba filamu ya rangi husamehe mwanga ukizidi, lakini ukipungua inakupa tope.

Dukani alikuwa msumbufu. Muuza filamu akimwona tu mlangoni alishusha pumzi. Fungua aliomba visanduku vyote vishushwe, akasoma tarehe ya mwisho ya kila kimoja, akauliza kipi kilikaa dirishani juani na kipi kilikaa ndani. Filamu ya kasi ya mia kwa jua la mchana, ya mia nne kwa ndani na kumbi za harusi. Kulikuwa na aina moja iliyopenda majani: miti hutoka imenawiri, watu hutoka kama wana homa. Hiyo hakuigusa. Alichukua ile yenye wekundu wa joto, inayoipa ngozi uhai, na akiikosa alirudi mikono mitupu na kununa siku nzima.

Basi watu wakaanza kujiona. Mama mmoja muuza vitambaa aliishika picha yake, akaona kidoti cha shavuni, akaona nyusi zake zote mbili, akalia palepale studio. "Ndiyo mimi huyu! Miaka yote hii walikuwa wananipiga nani?" Mimi nasema wazi, hiyo ilikuwa haki, na asije mtu akamnyang'anya.

Ila mambo yalianza kwenda mrama hapohapo. Neno kufungua likatoka kwenye lenzi likahamia kwa watu. "Fundi, nifungue kidogo." Kidogo ikawa kidogo zaidi. Bibi harusi anataka atoke mweupe kuliko wasimamizi wake. Bwana harusi naye anasogea, hee, ananong'ona: "Na mimi usinisahau." Fungua angeweza kukataa, hakukataa. Aliwavika kilemba cha ukoka mmoja mmoja, wakafurahi, wakaletana.

Kwa kuwa mwanga mwingi peke yake hautoshi, alipatana na mwanamke aliyekuwa akisafisha picha kwenye maabara ya mjini, aliyejulikana kwa wote kama Dada wa Mashine. Filamu ikifika imezidi mwanga, mashine huirudisha sawa, isipokuwa aliye kwenye vitufe akiambiwa aiache. Wakakubaliana alama. Fungua aliandika herufi F kwenye mkebe wa filamu, na Dada wa Mashine akiiona anajua la kufanya: roli nzima, watu wote, wang'arishwe. F hiyo aliiandika kabla hata ya kuitia filamu kwenye kamera, asije akasahau.

Picha moja tu studio ile haikuguswa, ya Fungua mwenyewe ameshika kamera, mweusi tii, kidevu juu. Akiulizwa alisema yeye si wa kupendeza, yeye ni fundi. Ninyi mnaweza kumwamini. Mimi naona alijua vizuri alichokuwa akiwafanyia wenzake.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Alizaliwa na rangi ya mama yake na kuzidi, weusi uliotulia, unaong'aa ukipakwa mafuta, na mamaye akamwita Zambarau tangu siku ya kwanza. Jina likamganda. Fungua alimpenda mtoto yule kupita kiasi, na mapenzi yake aliyatoa kwa njia aliyoijua. Kila mwaka alimpiga picha, kwa filamu nzuri kuliko ya wateja. Na kila mwaka alimfungua.

Mama Zambarau alipiga kelele mapema. Siku moja alisimama mbele ya picha kubwa ya sebuleni, mikono kiunoni. "Nilizaa mwenyewe, najua nilichokizaa. Huyu uliyemtundika hapa ni mtoto wa nani?"

"Mama Zambarau, hiyo ni sanaa."

"Sanaa kajifanyie mwenyewe."

Mtoto alipofika miaka sita alifungua albamu mbele ya wageni, akaweka kidole kwenye uso wake. "Baba, huyu nani?" Akaambiwa ni wewe. Akatazama mkono wake, akatazama picha. "Mbona si mimi?" Wakacheka, jamani! Wote wakacheka, na Fungua ndiye aliyecheka zaidi, akamnyanyua akamrusha juu.

Zambarau akakua, akawa msichana wa maneno machache na akili nyingi. Alitaka uuguzi tu, tangu utotoni, hakutaka kingine. Alipoomba nafasi, chuo kikamtaka ajaze fomu, aambatishe picha nne za paspoti, na siku ya usaili aje na uso wake. Alimjia baba yake studio asubuhi, nywele amezibana nyuma, blauzi nyeupe.

"Baba, usinifungue."

"Sikufungui."

"Baba, nimesema kweli. Hii ni ya ofisini."

"Na mimi nimesema kweli. Kaa."

Na alikuwa akisema kweli, hilo sitamsingizia. Alipima shavu lile mara tatu, akaacha lenzi pale ilipopaswa, hatua moja haikuzidi. Lakini kwenye kamera kulikuwa na roli ya harusi, picha thelathini na mbili zimekwisha kupigwa, zimebaki nne. Zinatosha, alijiambia, kwa nini nifungue roli nyingine. Akampiga hizo nne, akaipeleka filamu kwa Dada wa Mashine, akarudi zake akipiga mluzi. Mkebe ulikuwa na F. Aliiandika mwenyewe wiki iliyopita, kwa ajili ya maharusi, na haikumpitia kichwani hata mara moja.

Picha zilipokuja alizimimina mezani. Binti aliyekuwa pale alikuwa na rangi ya maji ya kunde, tena ya kumwagiwa maziwa. Palepale alielewa kilichotokea. Fomu ilikuwa inafungwa kesho yake saa sita mchana. Angerudi maabara saa ile, Dada wa Mashine angezisafisha upya na jioni zingekuwa tayari. Nega, yaani filamu zenyewe, zilikuwa sawa, kosa lilikuwa kwenye karatasi tu. Lakini Fungua aliziinua kwenye mwanga wa mlango, na ole wake, aliziona nzuri. Aliziona nzuri kweli. Miaka ishirini na saba ilikuwa imelifundisha jicho lake kuita hicho uzuri.

Zambarau alizitazama bila kuzishika. "Baba, ulisema..."

"Ni mwanga tu, mwanangu. Sura si yako? Pua si yako? Watakujua."

Msichana aliyelelewa kulisadiki neno la baba yake akachukua gundi, akazibandika.

Siku ya usaili Fungua alikuwa akimnyooshea mteja kola alipoona kivuli mlangoni. Zambarau. Saa nne hata haijafika.

"Mbona mapema hivi? Mmeshamaliza?"

"Wamesema si mimi," akajibu, akaenda kukaa kwenye kile kiti kisichozunguka.

Yaliyotokea yalikuwa mafupi. Langoni alikaa mama mmoja mwenye miwani ya kamba na rundo la fomu. Kila mwombaji anatajwa, anasogea, anatazamwa yeye na picha yake. Mwaka ule kulikuwa na watu waliotuma wenzao wawafanyie mtihani, na chuo kilikuwa kimekaza masharti. Mama yule alimtazama Zambarau, akatazama picha, akamtazama tena. "Huyu ni dada yako?" Ni mimi, shikamoo mama, ni mimi. Wenzake kwenye foleni wakaanza kucheka chinichini. Akaambiwa akae pembeni, na pembeni hakuna aliyemrudia.

Fungua alimwacha mteja kitini na kola yake, akaenda mbio, shati limemtoka suruali. Alimkuta mama wa miwani bado yupo langoni.

"Mheshimiwa, yule ni binti yangu wa kumzaa. Picha nilipiga mimi. Shida ni F tu."

"F ndiyo nini, mzee?"

"Ni alama. Ya kumwambia mtu wa mashine afungue. Yaani asafishe kwa kung'arisha."

"Kwa hiyo ulibadilisha sura ya mwombaji."

"Sikuibadilisha, mama. Niliing'arisha."

Mama wa miwani akainua macho, na hakuwa mkali, alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kujua. "Kwa nini? Ilikuwa na uchafu?"

Mtu mwenye domo kama lile, anayeweza kueleza wekundu na tope mpaka jua litue, alianza kuchomeka shati lake. Akaambiwa binti ajaribu mwaka ujao, akarudi kwa miguu njia nzima.

Nyumbani alitegemea kelele. Mkewe alizipiga, tena za kutosha, alimtupia hata zile filamu za kwenye friji, zikabingirika mpaka chini ya kochi. Zambarau alitafuta kazi kwenye saluni mtaa wa pili, akawa anaosha nywele za watu, akirudi anakula, analala. Fungua akajipa moyo kwamba yamepita. Akafuta F zote kwenye mikebe iliyobaki, akaandikisha kibao kipya mlangoni: PICHA KAMA ULIVYO. Wateja walikisoma, wakacheka, wakaenda kwa jirani mwenye kompyuta. "Kama nilivyo najiona bure kwenye kioo," dada mmoja alimwambia.

Ya binti yake aliyagundua kwa sindano ya kipima mwanga. Alikuwa amenunua lenzi iliyotumika, akamwomba binti yake akae kidogo aijaribu, dirisha lilelile, saa ileile ya asubuhi. Akasogeza kipima mwanga shavuni. Shavu lile alilipima tangu lilipokuwa la kunyonya. Alijua sindano itasimama wapi kabla haijasimama. Ilipita. Akakitikisa kidude, akapima tena, ikapita palepale. Akatazama nje kama wingu limeondoka, na wingu halikuwepo. Ndipo akamtazama mwanawe kwa macho badala ya mashine, akaona shavu limegeuka jekundu pembeni, na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi kama zamani.

"Unajipaka nini, Zambarau?"

"Sabuni mpya ya saluni, Baba."

Mama yake alipekua mkoba wake akakuta mirija mitatu ya krimu. Akaitupa chooni. Wiki haikwisha ipo mingine. Akamfuata mumewe studio, kinyozi na mshona nguo wakisikia, wala hakujali. "Anajichubua! Mwanangu anajichubua kama viazi! Na wewe ndiye uliyemwonyesha njia, wewe na F yako!"

Jioni ile, kabla taa hazijawashwa, Fungua alipiga moyo konde akakaa na binti yake.

"Mwanangu, acha hayo madawa. Ulivyo ndivyo unavyopendeza."

"Tangu lini, Baba?" Hakupandisha sauti. Aliinuka, akaleta albamu, akamwekea mapajani. "Nionyeshe moja."

Akafunua. Miaka kumi na tisa ya kazi yake nzuri kuliko zote, filamu za kuchagua kwa tarehe, za kulala kwenye friji. Akafunua mpaka jalada la nyuma. Hakukuwa na hata moja.

Lakini kuna nega, alikumbuka. Nega hazidanganyi, kila alichokipiga kimo humo, kinangoja tu mtu wa kukisafisha vizuri. Asubuhi akawa wa kwanza maabara, na ile nega ya Zambarau wa miaka sita mkononi. Dada wa Mashine alikuwa amezeeka naye. Alibonyeza, akapunguza, akabonyeza tena, na karatasi ikatoka na mtoto mweusi wa kung'aa, meno mawili hana, ana kicheko ambacho Fungua alikuwa amekisahau. "Lo," Dada wa Mashine akasema, "kumbe ndivyo alivyokuwa?" Wote wawili wakaona aibu, wakaagana bila kutazamana.

Zambarau aliitazama picha ile muda mrefu. Fungua alisimama mbele yake akisubiri kama yeye ndiye mwombaji.

"Kazuri," akasema mwishowe. "Lakini haka sikajui, Baba. Hakuna aliyewahi kunionyesha." Akamrudishia taratibu, akarudi kupiga pasi nguo zake za kazini.

Muda wa fomu ukafika tena. Safari hii Fungua alinunua roli mpya kwa ajili ya uso mmoja tu, ya mia, tarehe yake mbali, iliyokaa ndani. Hakuandika herufi yoyote kwenye mkebe. Akamkalisha binti yake, akapima shavu, akaandika alichokiona kwenye sindano, namba ambayo hakuwahi kuiandika kwa mtu wa nyumba yake. Alipiga roli nzima, thelathini na sita, akitumaini hata moja itamkamata yule aliyemzaa. Akamsisitizia Dada wa Mashine asiguse kitu, azitoe zilivyo.

Zilitoka zilivyo. Zilikuwa picha safi, zisizo na hila hata chembe. Rangi ya maji ya kunde.

Siku ya usaili alimsindikiza. Mama wa miwani alikuwepo, fomu mbele yake, foleni imejipinda hadi barabarani. Fungua alisimama upande wa pili wa uzio, kajishika kwenye waya, na ukimuuliza alikuwa anaomba nini, hata yeye asingejua. Akikataliwa binti, uuguzi umekwenda na maji. Akipokelewa, basi amepokelewa huyu.

Zambarau akatajwa, akasogea. Mama wa miwani akatazama picha, akatazama uso. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

"Ndiye. Pita."

Mikoba haikuruhusiwa ndani, kwa hiyo Zambarau akarudi kwanza hadi kwenye uzio ampe baba yake mkoba. Alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza mwaka mzima. Akaona macho ya mzee yamejaa machozi, akadhani anajilaumu bado kwa yale ya mwaka jana, akampenyezea mkono kwenye waya, akamshika.

"Usilie, Baba. Picha zako hazikuwa na kosa. Mwenye kosa nilikuwa mimi, na nimeshajirekebisha."

Aliyasema kwa upole, kumpa baba yake moyo. Kisha akakimbilia ndani, wenzake walikuwa wameanza kuitwa.